Ukilala vibaya, SMG itakukumbusha

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya mwisho wa semista, asaimenti juu ya asaimenti, na bumu nalo likaamua kuchelewa mpaka tukazoea chai ya rangi na mihogo asubuhi na jioni. Lakini leo bumu tuliache. Leo nataka kuongelea teke la bunduki. Ndiyo, bunduki. Tena kitu kimoja tu: ukiwa umelala kifudifudi renji, kitako cha bunduki kiko begani, huo mwili wako uulazeje ili teke lisikuumize na lisikuharibie shabaha.

Kabla hamjasema dada yenu kachanganyikiwa na mitihani, sababu ni hii. Mdogo wangu wa mwisho kamaliza kidato cha sita na jina lake limetoka kwenye orodha ya JKT, wale wa mujibu wa sheria. Ana kilo 46, tena hizo ni akiwa ametoka kula. Kuamka saa kumi usiku haogopi, mchakamchaka haogopi, jembe ndo kabisaa, katoka shule ya bweni yule. Anachoogopa ni siku ya renji. Kuna jirani kamwambia SMG ikimpiga teke mtoto wa kike mwembamba inamvunja mtulinga, na mwingine kaongeza chumvi kwamba bega linachomoka kabisa. Mama naye kashaanza kuulizia cheti cha daktari. Binti hali vizuri, halali. Kila akinipigia simu ni hilo hilo: "Dada, nikivunjika je?"

Sasa mimi nimepita huko, nina kilo 51, na bega langu hili hapa linabeba begi la vitabu kila siku kwenda lekcha. Simu haitoshi kueleza, na najua wengi mnaosoma hapa mna wadogo zenu wanaokwenda. Ninyi mliopita baada ya utaratibu kurudishwa mwaka 2013 mtaongezea. Wale mliomaliza kidato cha sita katikati hapo, tangu uliposimamishwa 1994 mpaka 2013, poleni, hii iliwapita. Teh teh teh.

Tuanze na teke lenyewe, maana watu wanaliogopa bila kulipima. Newton alishamaliza kazi mwaka 1687: ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa nguvu ile ile upande wa pili. Risasi ya SMG, hiyo ambayo dunia inaiita AK-47, ina uzito wa gramu 8 hivi na inatoka kwenye mdomo wa mtutu kwa kasi ya mita 700 na kitu kwa sekunde. Nyuma yake inatoka gesi ya baruti, nyepesi lakini ina kasi kubwa zaidi. Bunduki yenyewe ina karibu kilo 4. Siku moja katika lekcha ya kuchosha (somo silitaji, nataka kufaulu) nikapiga hesabu pembeni ya daftari. Bunduki inarudi nyuma kwa kasi ya kama mita 2 kwa sekunde, na nishati yake ni jouli 7 na kitu. Kwa lugha ya jikoni: chukua pakiti ya sembe ya kilo 2, iachie kutoka urefu wa rula moja na robo. Basi. Hicho ndicho kinachokuja begani.

Pakiti ya sembe ikidondokea mto, hata paka haamki. Ikidondokea kifundo cha mguu wako, utaimba wimbo wa shule nzima. Pakiti ni ile ile. Kwa hiyo jirani yetu hakosei kwamba inaweza kuuma. Inategemea inatua wapi, na nyuma ya hapo pana nini.

Na kwa taarifa yenu babu zetu walioshika bunduki enzi za Keya walipata zaidi. Ile .303 ya Mwingereza ilikuwa na risasi ya gramu 11 na kidogo, na teke lake kwa hesabu hiyo hiyo linazidi mara mbili la SMG. Kwa hiyo ukimsikia mzee wa miaka hiyo anasema bunduki inapiga kama punda, mheshimu, anaongelea punda mwingine.

Halafu kuna jambo ambalo mimi niliposoma fizikia nililiona ndo ufunguo wa habari yote. Mtutu wa SMG una urefu wa sentimita 41 na nusu. Risasi inaumaliza wote kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo bunduki yenyewe imerudi nyuma kiasi gani? Kama milimita moja. Moja! Unene wa kadi ya benki hauzidi hapo. Teke lote lililobaki linakuja risasi ikiwa imeshaaga. Na binadamu, hata awe golikipa wa timu ya taifa, anahitaji kama sehemu mbili za kumi za sekunde kustuka na kufanya kitu. Yaani amechelewa mara 200.

Fikirini hapo. Maana yake hakuna mtu duniani anayelizuia teke la bunduki kwa kulijibu. Hayupo. Misuli yote unayokaza kulipinga, ama unaikaza kabla, na hapo ndo unapotikisa mtutu na kuharibu shabaha, ama unaikaza baada, na hapo umechelewa kwenye daladala. Kila kitu kinachoweza kufanywa lazima kiwe kimeshafanywa kabla kidole hakijagusa triga, na kinafanywa kwa namna ulivyolala. Ndo maana SMG ikiwekwa kwenye mfululizo inawashinda hata wenye miraba minne: inatoa risasi kama 600 kwa dakika, yaani kumi kwa sekunde, kwa hiyo mpaka mwili wako ustuke kwa risasi ya kwanza, ya pili na ya tatu zimeshatoka na mtutu unaangalia mbingu. Sisi tulipiga moja moja, asante Mungu.

Sasa nije renji. Siku yetu tulipangwa kwa mikupuo. Mkupuo mmoja umelala kwenye mstari, mwingine umekaa nyuma unasubiri, kimya kabisa. Mimi nilikuwa mkupuo wa tatu. Ukikaa pale nyuma tageti huzioni vizuri, zipo mita 100. Unachokiona ni soli za raba na makalio ya wenzako, samahani kwa lugha. Na hapo ndipo niliposoma zaidi kuliko darasani.

Kuna waliolala mstari mmoja na mtutu. Ukichora mstari kutoka kwenye tageti ukapita kwenye mtutu, ukapita bega la kulia, unashuka mpaka nyonga ya kulia na mguu wa kulia. Miguu imepanuka kuzidi upana wa mabega, vidole vimeelekea nje, visigino vimelala chini kabisa kama chapati. Hao risasi ikilia unaona wanasogea kidogo, kuanzia begani mpaka kwenye soli, mwili mzima kwa pamoja, kisha wanatulia palepale. Kama vile hawajafanya kitu.

Halafu kuna waliolala kimshazari. Kichwa kinaangalia tageti, miguu inaangalia jikoni. Risasi ikilia bega la kulia linavutwa nyuma peke yake, mwili unajizungusha, mtutu unaruka juu na kwenda kulia. Mtu anaanza kujikokota, anapanga viwiko upya. Risasi ya pili, vile vile. Mpaka zinaisha tano mtu kashahama. Kuna kaka mmoja mkupuo wa pili, kifua kama mlango wa benki, kamaliza risasi zake akiwa nusu yuko kwenye nafasi ya jirani. Afande akamuuliza, "Kijana, umekuja kupiga shabaha au umekuja kuhamia?" Hakuna aliyethubutu kucheka. Tulichekea hanga usiku.

Kundi la tatu ni wale waliosimamisha visigino, wamesimamia vidole vya miguu kama wanataka kupiga pushapu. Hao wanayumba kama gari lenye springi mbovu. Mwili haukugusana na ardhi vya kutosha.

Kwa nini kimshazari kinazungusha? Mlango. Ukisukuma mlango karibu na bawaba haufunguki, ukiusukuma pembeni kabisa unafunguka kwa kidole. Ukilala kimshazari na bunduki iko bega la kulia, uzito wako karibu wote umekaa kushoto kwa mstari wa teke. Teke linasukuma ukingo wa mlango. Ukilala nyuma ya bunduki, uzito uko kwenye mstari ule ule, hakuna cha kuzungushwa, na teke inabidi lisukume mtu mzima pamoja na msuguano wa ardhi. Kilo 46 zote. Za mdogo wangu! Ndo maana nasema kwenye kulala kifudifudi tofauti ya mnene na mwembamba inapungua sana, tofauti na kusimama, ambako mwepesi anarudishwa nyuma kweli.

Lakini nisidanganye, kulala kuna ubaya wake. Ukiwa umesimama kiuno kinanepa, bega linarudi, teke linamalizika polepole. Ukilala bega halina pa kukimbilia. Watu wengine wanasema teke la kulala linauma zaidi, na wana haki. Kwa hiyo hapo kitako kisipokaa mahali pake, utajua.

Hii nadharia nilipoitoa pale vimbweta wiki iliyopita nikapingwa vikali. Kuna kaka anasoma na rumeti wangu, mtu wa kuinua vyuma, akasema yote hiyo ni porojo za wahandisi, kinachotakiwa ni nguvu, uikumbatie bunduki mpaka iombe msamaha. Basi tukafanya jaribio. Khanga mbili chini kwenye nyasi, na ufagio wa mti mrefu tuliouazima kwa mama wa usafi. Kaka akalala kimshazari kama anavyojua yeye, ncha ya mti begani, mikono imekaza mpaka mishipa inaonekana. Rumeti wangu, ambaye ana mikono kama yangu, akapiga ufagio kwa kiganja upande wa mbele, pap! Bega likaenda nyuma, ufagio ukaangalia kantini. Akarudia bila kumwambia lini, ufagio ukaangalia kantini tena. Nikamwambia alale nyuma ya ufagio, miguu apanue, visigino chini, na mikono ailegeze mpaka awe anaushika ufagio kama anavyoshika mkono wa bibi yake kumvusha barabara. Pap. Mti ukarudi nyuma kidogo na ukabaki unaangalia palepale. Akasema rudia. Pap. Palepale.

Akanyamaza, akasema khanga ilikuwa inateleza ile mara ya kwanza. Kaazi kweli kweli! Mnaotaka, jaribuni wenyewe, hata kwenye korido ya hosteli. Ni ufagio tu, bunduki yenyewe ni renji na mbele ya afande, basi.

Sasa vitu vyenyewe, kwa ajili ya mdogo wangu na wenzake.

Kitako. Nyoosha mkono wa kulia mbele kama unapokea kitu, halafu kwa mkono wa kushoto papasa kati ya mtulinga na kichwa cha bega. Kuna kibonde pale, chenye nyama. Hapo ndo nyumbani. Kikipanda juu ya mtulinga, hiyo ndo sembe juu ya kifundo cha mguu, mfupa uko chini ya ngozi tu. Kikitoka nje kwenye msuli wa mkono, utapata lile doa la zambarau ambalo wenzangu kadhaa walirudi nalo hanga wakilionyesha kama medali. Ukilala, viwiko vinakwenda mbele na mabega yanapanda, kwa hiyo hicho kibonde kinahamia ndani kidogo karibu na shingo kuliko ulivyozoea ukiwa umesimama. Usistuke, kifuate. Na kitako kiguse chote, kibapa, kisiingie kwa kona. Kitako kizima ni eneo kubwa, kona yake ni msumari.

Halafu kivute kigusane na bega kabla. Usiache nafasi. Hapa wanapokosea wengi ni pale wanapoogopa, wanaisukuma bunduki mbele kidogo ili isiwaguse, kama mtu anayeshika paka asiyemwamini. Ile nafasi ya sentimita moja ndo inaipa bunduki mbio. Ikiwa imeshagusana na wewe inakusukuma. Ikiwa na nafasi inakupiga. Ukaze kiasi gani? Kiasi cha kuvuta mlango wa friji. Mkono wa kulia ndo unaovuta kwa upole, wa kushoto ni kitanda tu, bunduki imelala juu yake.

Viwiko: cha kushoto kiwe chini ya bunduki au karibu kabisa na hapo, kisikae mbali pembeni, ili mfupa ubebe badala ya msuli. Msuli unachoka na unatetemeka, mfupa hauna habari. Cha kulia kitue kinapotaka kutua, mabega yawe sawa.

Shavu lilale kwenye kitako, mahali pale pale kila mara, shingo isijikunje. Ukiinua kichwa hewani, kitako kinakufuata na kukupiga kibao. Vitako vya SMG ni vifupi, hilo kila aliyeishika analijua, na kwa mara ya kwanza maishani wafupi tumependelewa. Ni wale warefu ambao pua inakutana na kidole gumba chao wenyewe. Na kama mtapewa SAR, ile ya risasi kumi, risasi ni saizi ile ile na uzito wa bunduki ni karibu ule ule, kwa hiyo teke halina tofauti kubwa. Uzuri wake ni kwamba tumbo lake halijachomoza kama magazini ya SMG ya risasi 30, ambayo ukilala chini sana inagota ardhini na kukunyanyua.

Sasa hili ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Ukishalala na kila kitu kiko mahali pake, fumba macho. Vuta pumzi, itoe, legea kabisa kama unataka kusinzia. Fumbua. Vilengeo vinaangalia wapi? Hapo vinapoangalia ndipo mwili wako unapotaka. Kama ni pembeni ya tageti, usivute mtutu kwa mikono ukausogeza, maana utakuwa unapigana na mwili wako, na teke likija mikono inashindwa, bunduki inarudi kule kule mwili ulikotaka. Sogeza nyonga. Kiwiko cha kushoto kibaki palepale kama mhimili, nyonga ziende kulia kidogo ikiwa unataka mtutu uende kushoto, na kinyume chake. Fumba tena, fumbua tena. Mpaka vikitua kwenye tageti vyenyewe bila kuvutwa.

Na teke lenyewe ndo linakuwa mtihani wa kujisahihisha. Risasi ikishatoka, usiinue kichwa kuangalia kama umepata. Kaa palepale, shikilia triga hivyo hivyo, angalia vilengeo vinarudi wapi. Vikirudi kwenye tageti, umelala sawa. Vikipanda na kubaki kulia, umelala kimshazari, sogeza miguu. Kwa hiyo hata kama ni mara yako ya kwanza na hakuna aliyekusahihisha, bunduki yenyewe inakuambia. SMG ina na kijipigo cha pili, kile chuma cha ndani kinachokwenda nyuma kutoa ganda kisha kinarudi mbele kwa kishindo. Wengi wakikisikia wanadhani kuna kitu kimevunjika. Hakuna.

Pumzi: toa, na pale mwisho kabla hujavuta nyingine kuna utulivu wa sekunde chache. Ukilala kifua kiko chini, kwa hiyo kila ukivuta pumzi mtutu unashuka, ukitoa unapanda. Vuta triga kwenye ule utulivu.

Mtaona kwenye picha za zamani askari wamelala kimshazari, na wengine mtaniuliza mbona wale walijua kazi. Walifundishwa hivyo kweli. Vitabu vya mafunzo vya Waingereza vya mwanzoni mwa karne iliyopita vilitaka mwili uwe mshazari kwa mstari wa kupigia. Lakini yule wa .303 kila baada ya risasi ilibidi avute chuma kwa mkono kuingiza nyingine, kwa hiyo bunduki ingemtoka tu kwenye shabaha, teke au hapana teke. Zilipokuja bunduki zinazojipakia zenyewe, hesabu ikabadilika: bunduki iko tayari kwa ya pili kabla hujapumua, kilichobaki ni wewe kuwa tayari. Waingereza hao hao kwenye ile Bren yao walimlaza mtu nyuma yake moja kwa moja.

Nirudi kwenye hofu, maana kusema ukweli mdogo wangu tatizo lake lipo hapo na si kwenye kilo. Mtu anayesubiri teke anafumba macho na kukunja bega sekunde kabla, mtutu unainama, risasi inapiga mchanga mita 40 mbele. Nimewaona, tena siyo wasichana peke yao. Kwenye mazoezi bila risasi tulikuwa tunawekeana ganda tupu juu ya mtutu, mwenzako analiweka taratibu karibu na mdomo wa mtutu, wewe unavuta triga. Likianguka umestuka. Tulirudia mpaka viwiko vikachubuka. Kuna binti hanga letu, mwembamba kuliko mdogo wangu, alilia usiku wa kuamkia renji. Asubuhi kalala nyuma ya bunduki yake, tano zake zote zikagusa tageti, alipoinuka akaniambia tu, "Kumbe ndo hivi?" Siku hiyo nilimwonea wivu, mimi zangu zilikuwa nne, na nne ni nyingi jamani.

Mambo madogo ya wadada ambayo afande wa kiume hatakuambia: kamba ya sidiria isogeze isikae chini ya kitako, chuma kidogo kile cha kurekebishia kinachora ngozi vibaya sana. Kifungo cha mfuko wa kombati nacho kiangalie. Nywele zifungwe chini, siyo juu, maana kofia ikisukumwa na fundo la nywele inakushukia machoni ukilala. Maganda yanaruka kulia, ni ya moto kweli, kwa hiyo kola ifunge kama una jirani kushoto kwako. Likikuingia shingoni, usiruke na bunduki mkononi, hata kama unaungua. Vumilia, mtutu ubaki unaangalia mbele, uite afande.

Mama nimeshaongea naye, cheti cha daktari kakiacha kwanza. Binti anaripoti Jumamosi. Jana kanitumia picha kalala sebuleni nyuma ya mti wa ufagio, visigino chini safi kabisa, lakini kiwiko cha kushoto kimekwenda nje mno. Nimemjibu akirudishe ndani.

Nawasilisha. Kesho nina lekcha saa moja asubuhi na maji yamerudi, ngoja nikafue.